Alama ya Siagi kwenye Mlango wa Didia

Siagi ikishaingia kwenye ubao haitoki, inajificha tu. Mwaka juzi nilikuwa nakarabati duka la zamani mjini Shinyanga, karibu na stesheni, fundi Masanja akaanza kupiga msasa mlango wa stoo. Ubao ulipopata joto ikatoka harufu ile: siagi iliyochacha, moshi kidogo, viganja vya watu. Nilimpigia kelele aache, mpaka msasa ukamponyoka.

"Mama Ng'washi, sasa uchafu wote huu tunauacha?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, tunauacha. Sikumweleza sababu, maana jua lilikuwa linapanda na kazi ilikuwa nyingi. Ninyi nitawaeleza.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye kijiji kizima cha Didia kilimwita Mayu, yaani mama, na mimi pia kwa kuwa ndiye aliyenilea, alikuwa na mlango wa Kizungu kwenye nyumba ya udongo. Babu aliutoa Geita, alikokwenda kufanya kazi ya dhahabu kabla sijazaliwa. Nyumba ya msimamizi mmoja ilikuwa inabomolewa; wenzake wakagombania mabati, Babu akachukua mlango. Ukasafiri kwa lori, kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, ukafika Didia ukiwa mrefu kuliko nyumba. Babu hakukubali kuukata. Alibomoa ukuta wa mbele akaujenga upya, juu zaidi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa imeinua uso kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Kitasa hakikuwepo. Palikuwa na tundu tu la ufunguo, na watoto wa jirani walikuja kuchungulia humo wakidhani wataona Ulaya. Waliona vyungu vyetu.

Kwa kuwa mlango haukuwa na kitasa, kila aliyeingia aliusukuma kwa kiganja. Na nyumba yetu ilikuwa ya maziwa. Kila siku kibuyu kilisukwasukwa pale barazani, siagi ikatolewa, na mikono ikabaki na mafuta. Basi mlango ulikuwa na doa kubwa jeusi upande wa kulia, walikosukuma wote, na doa jingine dogo, chini kidogo, likielekea kushoto. Hilo lilikaa peke yake. Nililiona kila siku na sikuwahi kulifikiria.

Mama yangu alifariki kwa homa nikiwa ndiyo kwanza naanza kutembea. Baba alikuwa machimboni Geita, mimi nikabaki kwa Mayu. Sikuwa na picha ya mama. Nguo zake waligawana ndugu. Mayu hakupenda kumzungumzia, na mimi sikujua kwamba mtu anaweza kuuliza.

Nilipoanza shule, nikiwa na miaka kama saba, tulipata mwalimu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa usafi. Alikagua kucha, akakagua masikio, na alipomaliza masikio akatangaza kwamba Jumamosi atapita nyumbani kwa kila mwanafunzi. Nilirudi nyumbani nikiitazama nyumba yetu kwa macho yake, na kitu cha kwanza kilichonitia aibu ni yale madoa mawili.

Ijumaa jioni Mayu alikuwa shambani akichuma pamba. Nikachukua mchanga, majivu, maji na gunzi la mahindi, nikaanza kusugua. Nilianza na doa dogo kwa sababu lilikuwa usawa wa kifua changu. Lilikuwa bishi! Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikaanza kuchubuka, na ubao ukatoka mweupe pe, kama umepasuliwa jana. Nilipoinua mkono kwenye lile doa kubwa nguvu zilikuwa zimekwisha. Nikajisemea kwamba hilo mwalimu atalisamehe.

Mayu akarudi na kapu lake kichwani. Alilitua polepole, akausogelea mlango, akaweka kiganja pale palipokuwa bado pabichi. Nilingoja asifu. Akasema bila kugeuka, "Kabula, hapo ndipo alipokuwa akishika mama yako."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Aliingia ndani, na usiku ule hakugusa ugali. Nilijua nimefanya jambo kubwa, ila sikujua litarekebishwa vipi, maana doa halirudishwi kwa kusema nisamehe.

Jumamosi mwalimu akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa mlangoni. Akausifu, akasema anaona kuna mtoto anayejua usafi. Mayu akamshukuru, "Wabeja," akamkaribisha maziwa. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona kwa sifa zile.

Kesho yake, Mayu alipomaliza kutoa siagi, akaniita. Nikanyoosha mkono wa kulia.

"Huo siyo. Wa kushoto," akasema.

Akanipaka siagi kiganjani, akanipeleka mlangoni, akauweka mkono wangu pale kwenye weupe. "Sukuma. Na kesho utasukuma. Kila ukiingia, hapa hapa."

Nikasukuma. Miezi ya kwanza ubao ulinywa tu, hauonyeshi kitu. Halafu ukaanza kubadilika rangi, kahawia ya chai, kisha ya udongo. Mimi nikajua, kwa akili yangu ya miaka saba, kwamba mama alikuwa mashoto. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kuhusu yeye, na nilijivuna nacho sana. Nilijaribu hata kuandika kwa kushoto shuleni. Rula ya yule yule mwalimu wa usafi ikanirudisha kulia.

Nadhani kazi yangu ilianzia hapo. Nilipokua nilishona mapazia ya watu, kisha nikaanza kupanga vyumba vyao, na mwisho nikajikuta nafufua majengo ambayo wenyewe walishayakatia tamaa, nikiyapamba kwa meza za maduka yaliyofungwa, boriti za viwanda vya pamba, madirisha ya nyumba za machimbo. Kila kitu kizee nilichokiokota nilikitazama kwanza kabla ya kukitia maji. Nilikuwa naogopa gunzi langu mwenyewe.

Nilipompata binti yangu nilimpa jina la mama, Ng'washi. Siku moja nilikwenda Geita kutazama madirisha kwenye nyumba kuukuu, yeye amelala kwenye mkono wangu wa kulia. Mlango wa nyumba ile haukuwa na kitasa. Nikausukuma kwa kushoto, chini kidogo, ili nisimwamshe. Mkono ukabaki pale pale. Madirisha sikuyatazama tena.

Nikaenda moja kwa moja Didia. Mayu alikuwa mzee sana, haoni vizuri, amekaa barazani.

"Mayu, mama alikuwa mashoto?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia? Ng'washi alilima kwa kulia, akala kwa kulia, kama watu wote. Wewe ndiye uliyekuwa msumbufu. Ukibebwa upande wa kushoto unalia mpaka majirani wanakuja kuuliza. Basi akakubeba kulia, asubuhi, mchana, jioni. Mlango akasukuma kwa mkono uliobaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwekea mkono pale. Nikadhani umeelewa."

Niliinuka nikaenda mlangoni, mtoto akiwa amelala tena mkononi, nikaweka kiganja cha kushoto kwenye doa. Kilikuwa kimelizidi kidogo. Nililia, na sikujali nani ananiona. Kwamba mama alinizaa, hilo nililijua siku zote. Kwamba alinibeba, nililijua siku ile.