Damu ya Mkwe

Kazi yangu ni kutafiti saratani ya damu, kwa hivyo mchana kutwa nachukua damu za watu, leo Homa Bay, kesho Migori. Kule Macalder wachimba dhahabu wakiona gari letu hupiga kelele, "Wanyonyaji wamefika!" Zamani nilikuwa nacheka.

Mama mmoja mjane wa Uriri, mkulima wa miwa, alikuwa miongoni mwa wagonjwa tuliowafuatilia. Ugonjwa ulimkausha damu, lakini mdomo, weee! Nikimfunga mpira mkononi ananiuliza, "Nyathina, mwanangu, damu yote hii unaipeleka wapi? Au umefuga kunguni?" Nilimpenda kama mama yangu.

Msimu wa mvua alilazwa, viganja vyeupe pe, pumzi za kukokota. Daktari wa wodi akasema asipoongezwa damu upesi moyo utashindwa. Benki ya damu ya hospitali ilikuwa tupu. Friji zetu za utafiti, chumba cha pili tu, zilijaa vichupa vya damu na zilikuwa na jenereta yao wenyewe. Ile ni damu ya kupimwa, haiongezwi mtu. Nimewaeleza jamaa za wagonjwa jambo hilo mpaka nachukia sauti yangu.

Wanawe wa kiume walikuwa mbali, na bintiye alikuwa mjamzito. Aliyebaki wa kutoa damu ni mume wa binti, mchimba dhahabu, mtu mwenye nguvu za fahali. Alikuja mbio, matope yangali miguuni. Mama alipoambiwa akageukia ukuta.

"Yule sijawahi hata kula mbele yake. Leo damu yake iingie mwilini mwangu? Mnataka nife na chira?"

Kwetu chira si mchezo. Ni ule mkosi unaomkondesha aliyevunja mwiko mpaka afe, na kati ya mkwe na mama mkwe miiko imejaa. Mimi mwenyewe ni Mjaluo wa Rangwe, sikumcheka. Nilimwambia tutabadilishana: damu ya mkwewe itakwenda kwa mgonjwa mwingine, naye atapewa ya mtu asiyemjua.

"Ya mgeni, sawa," akasema. "Lakini huyo asikanyage humu wodini."

Mkwe akatoa damu, akakaa nje akingoja. Mfuko wake na mingine ikapelekwa kupimwa nje ya kaunti. Hebu fikiria! Tunaweza kuchambua jeni za saratani hapa hapa, lakini kujua kama mfuko wa damu ni salama, hatuwezi. Kisha tukaambiwa gari la kuirudisha halina mafuta. Nilipiga simu, nikabembeleza, nikatukana. "Daktari, vumilia," wakanijibu. Sikuwa mimi niliyehitaji kuvumilia. Mama alikata roho asubuhi iliyofuata.

Wakubwa wangu wa ng'ambo waliandika kutoa pole, na katika sentensi iyo hiyo wakauliza ni nani atakayechukua nafasi yake katika utafiti. Sijawajibu mpaka leo.

Matangani nilikuta ukoo umeshahukumu: mkwe amemtia mama mkwe damu yake, chira imeua. Mashemeji walikuwa wamemfukuza, na mkewe wamemzuia asirudi Macalder. Mwanamume wa watu alikuwa amesimama barabarani peke yake, haruhusiwi hata kulikaribia lango. Nilishindwa kunyamaza. Nikasimama mbele ya waombolezaji.

"Jamani, hakuna tone la huyu mkwe lililoingia kwa mama. Naapa. Hakuongezwa damu yoyote."

Nilidhani nimemwokoa. Binti akainuka polepole, mkono kiunoni, akaja mpaka nilipokuwa.

"Hakuongezwa yoyote?"

"Hata tone."

"Basi si mngemtia tu ya mume wangu," akasema, machozi yakimtiririka. "Chira tungejua wenyewe pa kuipeleka."

Ikabidi nimwambie kwamba hata hiyo ilikuwa haijarudi.