Siku Nyumba ya Amisa Ilipogeuzwa

Amisa alizaliwa Ujiji, Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nyumba ambayo maji yalionekana tangu kitandani. Alivuka kwenda Uvira akiwa msichana, na mafurushi ya vitenge. Akapanda hadi Bukavu akiwa mke wa mtu. Na mume alipofariki akabaki, maana wateja walikwisha kumzoea na kaburi halihamishiki. Alipanga chumba mtaa wa Kadutu, kisha kingine, kisha kingine tena. Kila chumba kilikuwa na dirisha moja, na kila dirisha lilitazama ukuta. Ziwa Kivu alikutana nalo njiani tu, akienda sokoni, kama jamaa unayemsalimia ukiwa na mzigo kichwani.

Ndoto yake ilikuwa ndogo, haikubadilika umbo miaka yote: anaamka, anafungua mlango, maji yapo.

Hatimaye akapata kiwanja Kasha, juu kule Bagira, mji unapoanza kuchanganyika na migomba. Kilikuwa kipande cha mteremko. Njia ya miguu ilipita juu yake, bonde lilikuwa chini, na mbali, katikati ya vilima viwili, ziwa lilikuwa limelazwa kama shuka iliyoanikwa majanini.

"Mlango uwe huku," akamwambia Firmin, fundi wa mbao.

Firmin akatazama bonde, akatazama njia. "Huku chini, Maman? Kweli kweli?"

"Huku huku."

Fundi alidhani ni mambo ya dini yake. Akapiga msumari wa kwanza.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mbao za mikaratusi zilizokalishwa juu ya mawe makubwa. Hakuna anayechimbia nguzo pale. Udongo wa mteremko ule hutambaa wakati wa mvua, na nguzo iliyozikwa hutambaa nao. Kuta ziliposimama, Amisa alizoea kuja jioni na mkeka, akakaa ndani ya nyumba isiyo na paa. Mawingu yaliingia bila hodi na kutoka bila kuaga. Mbao zilinuka utomvu. Mlangoni ziwa lilibadilika, likawa la maziwa, likawa la shaba, likawa la majivu, naye akahisi kwamba amekaa ndani ya jicho lake mwenyewe.

Ilibaki paa, na paa la Kasha halipandishwi na fundi peke yake. Majirani huja, wanaume kwa wanawake, wakapokezana manjanja, kama wanavyoyaita mabati huku, na mwenye nyumba huwapikia. Amisa alipita mlango kwa mlango akiwaalika. Wote walimjibu kwa upole, "Tutakuja, Maman Kigoma."

Siku yenyewe alipika wali, maharage, na sambaza, wale dagaa wa Kivu, wa kukaanga. Firmin alipanga mabati chini. Jua likapanda. Watu walipita njiani na majembe yao, wakasalimu, wakaendelea. Wali ukapoa. Juu ya vilima wingu la kwanza la Septemba lilikuwa limeanza kuvimba, jeusi pembeni. Mbao mbichi zikinyeshewa bila paa hupinda, na nyumba iliyopinda haishiki bati.

Amisa akajifunga kitenge vizuri, akavuka njia kwenda kwa Maman Cibalonza, mwanamke mzee wa nyumba inayomkabili. Alimkuta akichambua maharage.

"Maman, nimekosa nini?"

"Wewe? Hapana. Nyumba yako njo ilikosa."

"Nyumba imekosa nini?"

Cibalonza akaweka ungo chini. "Ile nyumba inatugeuzia mugongo. Asubui nikipita, nitasema bonjour na nani? Na mbao?"

Amisa akataka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

"Sikia, mwanangu. Hapa kila asubui tunaangaliaka mulango ya mutu. Ikiwa wazi, basi iko muzima, tunaenda mu shamba. Ikiwa imefungwa mpaka jua inapanda, tunabisha. Njo vile tulijua Papa Patrice alianguka. Njo vile tulijua Francine anazaa. Wewe uko peke yako, na mulango umeipa bonde. Ukigonjwa, bonde itabisha?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulisema labda mugeni anapenda kuwa peke yake. Mutu hapendwe kwa nguvu."

Amisa alirudi polepole. Alisimama mlangoni pake akalitazama ziwa. Lilikuwa tulivu, halikumwambia lolote. Halikuwahi kumuuliza ameamkaje.

"Firmin," akasema, "inaweza kugeuzwa?"

"Maman! Mi niko fundi, siko mulozi."

"Si imekaa juu ya mawe tu? Haina hata paa."

Firmin akayatazama mawe. Akazunguka nyumba akigonga mbao kwa kifundo cha kidole. Kisha akapanda njiani, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele mrefu uliovuka migomba: nyumba inageuka!

Sasa walikuja. Walitoka mashambani na matope miguuni, wakicheka.

"Maman Kigoma, nyumba inataka kukimbia, inarudi Tanzania?"

"Tuishike kabla haijavuka mupaka!"

Wakapitisha miti mirefu chini ya mbao za chini, wakainama. Amisa alitaka kusogea kando, lakini Cibalonza akamsukuma kwa kiganja. "Nyumba haisafirie bila mwenyewe. Ingia."

Akaingia, akasimama katikati, juu ya udongo mtupu, maana ukuta wa kugawa vyumba ulikuwa haujawekwa. Nje mtu mmoja alianza wimbo wa Kimashi, lugha ya vilima vile, wengine wakaitikia, na kuta nne zikainuka hadi magotini pake, zikaanza kuzunguka. Yeye alisimama tuli. Nyumba ndiyo iliyozunguka. Mlango ukapita ukionyesha dunia kipande kwa kipande: ziwa lote, kisha nusu ya ziwa, kisha uzi wa ziwa. Bismillahi, alinong'ona. Ukapita mgomba wenye mkungu. Yakapita mapaa ya Bagira yakimeta. Ikapita miguu mingi, weupe wa meno, jasho. Kisha njia, na ng'ambo ya njia Cibalonza, amejishika kiuno.

"Wekeni!"

Nyumba ikatua. Hawakungoja pumzi, mabati yalipanda mkono kwa mkono, na tone la kwanza lilipogonga, Firmin alikuwa juu, misumari mdomoni. Wote wakajibana ndani. Walikula wali baridi gizani, huku mvua ikipiga kelele juu ya vichwa vyao kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake, wala hakuna aliyejali. Amisa aliegemea ukuta wa nyuma. Ulikuwa wa baridi, upande ule wa ziwa.

Asubuhi ya kwanza ya kulala pale alifungua mlango, akaiona njia, ikiwa na maji ya mvua. Akachukua kikombe cha chai, akazunguka nyuma ya nyumba. Ukungu ulikuwa unainuka vipande vipande, na chini yake maji yalikuwepo. Akasimama kuyatazama, chai ikitoa moshi mkononi.

Kutoka njiani sauti ikaita, kubwa, ya kugomba.

"Mulango iko wazi na mwenyewe haonekane! Maman Kigoma! Uko?"

"Niko huku nyuma," akajibu. "Nakuja."