Gari Laitwa, Mwenye Gari Afukuzwa

Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi, niliona jambo gereji ambalo bado linanichoma. Mwalimu aliyewafundisha wanangu kusoma, naye wa asili hiyo, aliweka barua kaunta. Kiwanda kilikuwa kikiyaita magari kama lake yarudi, kwa sababu mpira wa rejeta ulikuwa mbovu: maji yanavuja, injini inachemka. Kuubadilisha ni bure.

"Tata, kesho tunaondoka na batoto," alimwambia karani. "Jana motokari ilichemuka mbele ya kufika Tenke, tukarudi."

Karani aliisukuma barua kwa kidole kimoja. "Hii ni ya benyewe ya hapa. Enda, batakutengenezea kwenu."

"Kwenu wapi? Mi nilizaliwa hapa hapa, Musonoi!"

Fundi mmoja akaichukua ile barua, akaisoma yote. "Inaomba namba ya shasi," akamwambia karani. "Kabila haiko." Akafunga mpira mpya mbele yetu sote.

Mwalimu aliondoka salama. Lakini fikirini, wasomaji: watu wa kiwanda cha ng'ambo, wasiomjua, walijali asikwame njiani. Sisi tuliomjua tulikuwa wanne kwenye benchi, na hakuna aliyefungua mdomo.