Ushuhuda wa Dakika Tano

Sijawahi kumwamini mtu anayeniita mpenzi huku ameshika karatasi yangu. Mkurugenzi wa ofisi ya wanafunzi wa uzamifu aliniita mpenzi mara tatu asubuhi ile, na karatasi yenyewe ilikuwa chini ya kiganja chake, bado haijatiwa sahihi.

Ilikuwa barua ya kuniongezea mwaka mmoja. Muda wangu wa kusomea shahada ulikuwa umekwisha, na bila barua hiyo jina langu lingefutwa mwisho wa mwezi, pamoja na miaka sita ya kazi. Nilikuwa nachunguza jinsi wauguzi wanavyowapa wagonjwa habari mbaya. Nilikaa kwenye mabenchi ya hospitali moja ya Parklands mpaka walinzi wakadhani nina mgonjwa wangu humo ndani. Kwa hiyo kilichonichelewesha si uvivu. Msimamizi wangu alikuwa amekaa na sura ya tatu ya tasnifu yangu miezi kumi na minne. Kila nikimuuliza, aliniambia iko kwenye gari. Siku moja nilimfuata hadi kwenye gari lenyewe, akafungua buti, na kweli ilikuwemo, chini ya jeki na gunia la makaa. Akaigusa kidogo, akafunga buti, akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Sasa mkurugenzi naye alikuwa na haja yake. Jumatano ilikuwa siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, na alitaka mtu wa kuwatia moyo.

"Wewe ndio umekaa na sisi sana, mpenzi," akasema. "Come uwape tu ushuhuda kidogo. Dakika tano. Waone vile tunasaidia watu. Hiyo barua utachukua hapo hapo."

Nilitaka kumuuliza walinisaidia na nini hasa. Mlangoni kwake palikuwa na bango lililoahidi msaada, mafunzo na nafasi za kujumuika. Mafunzo niliyoyajua mimi yalikuwa ya kupanga muda: tuliambiwa tufike saa tatu, mkufunzi mwenyewe akafika saa tano na nusu, akanywa chai, akatuonyesha picha ya saa. Kujumuika kulikuwa siku moja kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, ambako tulipangwa kuvuta kamba dhidi ya wahadhiri. Msimamizi wangu alikuwa wa mbele upande wao, na ndiyo mara pekee mwaka ule niliyomwona akitoka jasho. Alipokuwa akinywa soda nilimkumbusha sura ya tatu. Akanijibu kwamba leo ni siku ya kufurahi, si ya kazi. Ama huo msaada, sijui. Labda ulikuwa umesafiri.

"Sawa, Prof," nikamwambia mkurugenzi. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye muhuri mpishe zaidi.

Lakini neno ushuhuda si neno la kuchezea kwetu. Nimelelewa Kiambu, katika kanisa ambalo kila Jumapili watu husimama mmoja mmoja na kueleza Mungu amewatendea nini. Mama yangu, mwanamke asiyependa macho ya watu, alisimama mara moja tu maishani mwake, ndugu yangu alipotoka hospitalini. Alisema mtoto hajapona, ila asubuhi ile amekunywa uji kikombe kizima. Akaketi. Hakuongeza hata kijiko. Kanisani kwetu hakuna anayemhoji mtu aliyetoa ushuhuda; ukisimama, umeshaaminiwa.

Ukumbi wa Jumatano ulikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, wenye madirisha yasiyofunguka. Wanafunzi wapya walikuwa thelathini hivi, wengi wao watu wazima wenye kazi na familia, na kila mmoja alikuwa na daftari jipya. Mkurugenzi aliposema chai itakuwa saa nne, waliandika. Ningepaswa kuwahurumia. Mimi niliwakasirikia, kwa sababu nilijiona pale mstari wa mbele na kalamu yangu, miaka sita iliyopita, nikiandika saa ya chai.

Nilikuwa nimepanga kusema machache yasiyo na madhara: kazi ni ndefu, mvumilie, asanteni. Niliposimama, mdomo ukashika njia ya kanisani. Nikawasalimia, wakaitikia kwa pamoja kama watu wa Jumapili, na baada ya kuitikiwa hivyo sikuweza kuwapa maneno makavu. Nikasema kuna wakati nilikata tamaa. Nikasema nilitaka kuacha. Hayo mawili yalikuwa kweli, na uongo ukayapanda mgongoni bila shida yoyote. Nikasema ofisi hii ilinishika mkono. Nikasema msimamizi wangu husoma kazi yangu ndani ya wiki mbili, na akiona kimya hunipigia simu kuniuliza kama niko salama. Nikasema yale mafunzo ya muda yalinibadilisha. Mtu wa nyuma akasema amina. Mkurugenzi alijifuta jicho, na jicho hilo lilinifanya nimchukie zaidi kuliko ilivyonifanya hata ile barua.

Dakika tano zikawa kumi na mbili. Hakuna aliyeniomba niseme vizuri kiasi kile, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeweza kusema uongo mdogo, mbaya, wa kusomwa kwenye karatasi, na barua ningepewa vilevile. Niliwapa mzuri kwa sababu walikuwa wakinisikiliza, na chuoni humo sikuwa nimesikilizwa siku nyingi.

Barua nilipewa mlangoni, sahihi na muhuri vyote vipo. Niliisoma mara mbili, nikaitia katikati ya daftari, nikaondoka kabla ya chakula. Sikutaka kula nao.

Nilikuwa kwenye ngazi niliposikia viatu nyuma yangu. Alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini hivi, mmoja wa wale wapya, na alikuwa akihema. Aliniita daktari. Sikumrekebisha. Akajieleza haraka haraka kwamba ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana huko magharibi, na alikuwa amesafiri tangu jana. Mkuu wake alikuwa amemnyima ruhusa ya masomo, kwa hiyo ilimbidi achague kazi au shahada. Mumewe alikuwa amemwambia asithubutu kuacha kazi. Barua ya kuacha alikuwa ameshaiandika kwenye simu tangu Jumapili, lakini kidole kilikuwa kinakataa kuituma.

"Ile maneno umesema ya msimamizi," akaniuliza, "ni ukweli? Huwa wanasoma kazi ya mtu hivyo?"

Tulikuwa wawili tu pale. Barua yangu nilikuwa nayo, na mkurugenzi asingeweza kuninyang'anya. Sikuwa na wa kumwogopa, na sitajidanganya kwamba nilikuwa naye. Niliona aibu tu. Alikuwa akiniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nimeipata kwa mtu yeyote katika chuo kile, na sikutaka aione ikimwagika hapo ngazini.

"Ni ukweli," nikasema.

Akashusha pumzi. "Nilikuwa nimeomba Mungu anionyeshe leo, kabla nirudi kwangu," akasema. "Halafu ukasimama."

Akatoa simu. Hakuona vizuri bila miwani, na miwani haikupatikana upesi. Alipekua mkoba wake wote, akatoa kitambaa, Biblia ndogo na chupa ya maji kabla ya kuifikia. Kisha akaisoma barua yake tangu mwanzo, pole pole, midomo ikicheza, akarekebisha neno moja, akasoma tena. Muda wa kumzuia ulikuwepo, tena wa kutosha. Mimi nilimshikia mkoba mpaka akamaliza kutuma.