Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Nimefungua mashine ya gemu ya zamani, na harufu ya waya ulioungua imenirudisha utotoni, Suneka. Mwenye kibanda cha gemu alikuwa mchoyo, hata chai alikunywa bila maziwa. Fyuzi ilipoungua, aliifunga karatasi ya sigara inayong'aa badala ya kununua nyingine. Nilimwona, haki ya Mungu. Mashine ikatoa moshi, naye akamzaba kofi dada yangu aliyekuwa akicheza.

"Mkono wako mchafu umeniharibia kitu!"

Mama ndiye aliyeomba msamaha. Mama yangu!

Leo mwenye kibanda huyohuyo, sasa mzee, ndiye aliyeniletea mashine hii niitengeneze.

"Omogaka," ananiita kwa heshima, kama mzee mwenzake, "niwekee fyuzi, wajukuu wanalia."

"Fyuzi ninayo. Kwanza nenda Magwagwa, dada anauza ndizi sokoni. Mwombe msamaha mbele ya wateja wake. Wajukuu walie tu."