Mabaka ya Macho ya Mama

Baba yangu hakuwahi kumpiga mama. Naliweka hilo mbele, maana mimi ndiye niliyemshtaki.

Mimi ni mwalimu Newala. Wao walikaa kijijini, upande wa Masasi. Baba alikuwa mgonga kengele wa kanisa letu. Kengele yenyewe ni ringi ya lori, na nondo ya kuigongea ilikaa nyumbani kwetu tangu enzi za babu. Mimi alikuwa akiniita "mama," kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Msimu mmoja wa korosho nilifika nikamkuta mama ana mabaka ya zambarau kuzunguka macho yote mawili. Ulimi nao umevimba, maneno yanatoka mazito. Kwetu kila mtu anajua: korosho zikidondoka, mabibo yanakamuliwa, pombe yake, uraka, inanywewa, na wanawake wanaanza kujifunika khanga hadi usoni. Niulize nini tena?

"Hajanigusa," mama alisema. "Nikiinama kuokota korosho, nikiinuka ndiyo hivi."

"Mama, acha kumfichia!"

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa. Mimi, msomi wa familia! Ptuu!

Baba akaitwa kwenye baraza la wazee. Akakana. Wakamuuliza kama anakunywa uraka, akasema ndiyo, kidogo, kama wao. Hilo la "kama wao" liliwachoma. Wakamtenga na meza ya Bwana, wakamnyang'anya nondo. Mama alisimama kumtetea, ulimi ukamgomea, na mzee mmoja akasema, "Mnaona? Hata kusema anaogopa." Mpaka leo nikimkumbuka natamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe, au asinisamehe.

Nikamchukua mama, nikakaa naye Newala. Miguu ikavimba. Vidole vikafa ganzi. Nikasema ni mafuta ya maganda, amebangua korosho miaka mingi. Kila kitu nilikuwa na jibu lake! Halafu asubuhi moja alikohoa sana, na mabaka mapya yakatoka mbele ya macho yangu. Baba alikuwa mbali, kijijini, peke yake.

Hospitali walikata kipande kidogo cha mafuta ya tumboni, wakakipima. Amiloidi, daktari akasema. Mwili unatengeneza protini zilizojikunja vibaya. Haziyeyuki, zinarundikana kwenye ulimi, figo, moyo, na kwenye vishipa vya ngozi ya macho, ambavyo hupasuka mtu akikohoa au akiinama tu.

"Mabaka yalianza lini?" akauliza.

Nikamwambia.

"Mngemleta wakati ule," akasema, "tungejaribu dawa kabla moyo haujachoka."

Mama alifariki kabla mikorosho haijachanua tena.

Baada ya maziko wazee wakaja na ile nondo, eti yaishe. Baba hakuinuka. "Aliwaambia mara ngapi kwamba hajapigwa?" aliuliza. Waliilaza nondo kwenye mkeka, wakaaga. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikiwaka hasira juu yao, kana kwamba si mimi niliyekwenda kuwaita.

Asubuhi nilimkuta baba anafagia uwanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."