Siku Niliyotumwa Kuchukua Kitambaa cha Jirani

Neno kashfa nililijua kwa redio. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, kila nikimenya viazi jikoni kwangu Mutuini nilisikia kashfa hii, kashfa ile, mkubwa fulani amekana. Shule niliachia darasa la tatu, lakini nilielewa: kashfa ni uovu uliofichwa, ukaanikwa.

Basi mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani akalileta neno hilo kwetu. Binti ya jirani yangu, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba kwa matajiri wa Lavington, alikuwa amerudi na mimba, mume hana. Kwetu, binti akipata mimba hivyo, mama yake hunyang'anywa kitambaa cheupe cha kichwa cha chama, na haketi nasi tena mpaka atubu mbele ya watu.

"Hii ni kashfa," mwenyekiti akasema. "Nenda wewe ukakichukue. Wewe huna huruma."

Kweli. Nilikuwa nimeshachukua viwili, na usingizi nikalala.

Nilimkuta jirani ameketi uani. Kitambaa alikuwa amekwisha kukifua na kukipiga pasi, kimekunjwa mapajani.

"Nilijua watakutuma wewe," akasema. "Chukua. Lakini dada, wasimtaje mtoto wangu madhabahuni. Hajala tangu Jumatatu. Nalala naye chumba kimoja, naogopa atajifanyia kitu."

"Na huyo mwanamume?"

"Ni mwenye nyumba alikofanya kazi. Amesema hamjui."

"Hamjui! Na mashati yake alikuwa akifuliwa na nani?"

Akacheka kidogo, kisha ndipo akalia. Nikamwacha alie. Mimi si mtu wa kubembeleza.

"Wewe umeficha nini?" nikamuuliza. "Tumbo lile mtaa mzima umeliona. Kashfa ni ya yule anayekana nyuma ya ukuta. Vaa kitambaa chako."

Mkutanoni wakaniuliza kiko wapi.

"Kichwani mwake," nikasema. "Anayekitaka akakivue mwenyewe. Ila kwanza apitie Lavington."

Hakuna aliyeenda, lakini mimi waliniondoa kwenye kamati, na mwenyekiti akakaa miezi bila kunisalimia. Sawa tu.

Msichana nilimpelekea mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kila jioni, nikasimama mlangoni mikono kiunoni mpaka amalize sahani. Siku za kwanza alinitazama kwa chuki. Lakini alikula.